Udi Kwenye Koti la Mzee Nzioka

Jicho la kushoto la baba mkwe wangu liliacha kuona siku niliyomfuata kwenye mizinga yake ya nyuki nikiwa nimepaka udi. Nakumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Mwanangu, Krismasi iliyopita ulikuja nyumbani ukinukia mpaka mama yako akafungua madirisha yote, nawe ukauliza, "Kwani kuna nini?" Swali lako ndilo limenifanya nichukue kalamu. Ngoja nikueleze kwa mpangilio.

Miaka ya sabini ilikuwa ikianza. Nilikuwa fundi cherehani Makindu, kwenye baraza ya duka la Mama Shukri, mama Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki. Aliuza leso, majani ya chai na tende, na ndani ya kabati la kioo aliweka manukato, mengi yakiwa mafuta kwenye chupa zisizozidi kidole. Wasafiri wa barabara ya Mombasa walishuka kunywa chai wakaondoka wananukia.

Mchana jua likiwa kali na kazi imepungua, aliniita nijaribu.

"Mkono moja, harufu moja, fundi," alisema. "Ukipaka zote utanuka duka mzima."

Nilipenda mchezo huo. Nikanunua daftari la shule, nikawa naandika kila harufu ilivyokuwa ikipakwa, ilivyokuwa saa nane, na ilivyokuwa nikifunga cherehani. Asmini ilikuja na kelele kama wageni waliokosea nyumba. Kufikia saa nane, kwenye ngozi yangu yenye jasho na vumbi, ilikuwa mboga ya kunde iliyochemka sana. Waridi lilikuwa baridi na tamu, lakini kwangu halikukaa hata saa moja, ilhali kwa Mama Shukri lilidumu hadi jioni. Nililalamika, akacheka. "Ngozi yako inakunywa, fundi. Mimi yangu inatunza." Kulikuwa na kolonya moja ya kupuliza iliyonuka ndimu na spiriti, nikajiona niko foleni ya kudungwa sindano. Ilikauka ikaacha harufu ya sabuni ya kipande, na hiyo niliipenda zaidi ya ile ya kwanza.

Halafu udi. Siku ya kwanza niliupaka nikataka kuukwangua kwa kisu. Ulinuka ngozi mbichi na zizi la mbuzi baada ya mvua. Nikauacha kwa uvivu. Saa nane nikainua mkono kufuta jasho, nikasimamisha cherehani. Zizi lilikuwa limeondoka, mahali pake pamekuja moshi na asali. Nilioga, ukabaki. Kesho yake nilioga tena, ukawa bado upo kwenye kola ya shati. Tangu hapo nikawa mtu wa udi kila siku.

Wakati huohuo nilikuwa nikimtaka binti wa Mzee Nzioka, upande wa Kiboko. Binti huyo ni Mwikali, mama yako. Mzee alikuwa na mizinga ya magogo iliyoning'inia kwenye migunga, na alikuwa na njia yake ya kumpima mkwe: kabla mbuzi wa posa hawajapokelewa, kijana alikwenda naye kwenye mizinga, amshikie kienge, ule mwenge wa moshi unaowatuliza nyuki, wakati yeye anarina asali. Ukitupa kienge ukakimbia, umejijibu mwenyewe.

Mwikali alinijia dukani siku ya soko.

"Baba amesema ukuje Jumamosi jioni. Na ukuje umeoga na maji peke yake."

"Maji peke yake? Kwani nanuka?"

"Mimi sijui. Amesema hivyo tu." Akaziba mdomo kwa leso, anacheka. "Unanuka duka."

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Unajua kwetu kuna nthoni, ile heshima inayowaweka wakwe mbali. Mzee hawezi kumwambia mkwe wake mtarajiwa neno juu ya mwili wake, hivyo anapitisha ujumbe kwa mbali, umefungwa fungwa. Mtu wa nyuki angefungua maneno hayo mara moja: nyuki hawataki harufu ngeni. Mimi mtu wa cherehani nikasikia dharau. Nikadhani wananiona maskini asiye na kipande cha sabuni, nami fundi wa Makindu nikajiambia siendi kwa wakwe kama mchunga ng'ombe.

Jumamosi asubuhi nikapaka tone moja la udi nyuma ya kila sikio. Mchana nikaingiwa na wasiwasi, nikaoga kwa maji na kuvaa shati safi. Nikanusa kiganja, nikanusa mabega, nikanusa shati. Hakuna kitu. Nikaenda kwa roho safi.

Nilimkuta Mzee amevaa koti lake la kaki, zito, la mikono mirefu.

"Umeoga?"

"Nimeoga, mzee."

Aliniangalia. Naapa niliona pua yake ikicheza. Kisha akageuka, akawasha kienge cha magome makavu, akanipa.

"Shika chini yangu. Usiongee, usipunge mkono. Wakikutembelea, wewe ni mti."

Mzinga wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili, Mzee akiwa amepanda kimo cha mtu mmoja, nikasikia sauti ya nyuki inabadilika, kama cherehani inayokimbizwa bila nguo. Wa kwanza akanichoma nyuma ya sikio la kulia. Wa pili, palepale. Nikaangalia kienge: moshi ulikuwa mwembamba, karibu kuzima. Nikasahau kuwa mti. Nikapiga kelele, nikapunga mikono, kienge kikiwa bado mkononi, wakanijia wote.

Mzee aliruka. Alivua koti lile akanifunika kichwa na mabega, akanisukuma mbele yake mpaka kwenye vichaka, yeye nyuma akiwa na fulana. Kwetu mkwe hata hakaribiani hivyo na mkwe, na yeye alinikumbatia njia nzima. Tulipofika nyumbani uso wake haukuwa wake. Mwiba mmoja ulikuwa umeingia ndani ya jicho.

Hospitalini walijitahidi, lakini jicho halikurudi. Siku ya nne nilikwenda kumwona nikijua nakwenda kuambiwa nimsahau Mwikali. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kukiri. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Kijana, kienge hukutupa."

"Nilipiga kelele, mzee."

"Ulipiga. Hata mke wangu huko nyumbani alikusikia. Lakini kienge hukutupa." Akagusa bandeji. "Mwambie baba yako alete mbuzi. Hata jicho moja linaona mbuzi."

Nikayameza maneno yangu yote, na hadi anazikwa, mwaka juzi, sikuwahi kuyatoa.

Nilimwambia Mama Shukri peke yake. Hakunipigia kelele. Aliweka chupa chini, akasogea, akanusa shati langu safi.

"Upo," akasema. "Hata sasa hivi upo. Nani alikuambia umetoka?"

"Nilinusa mwenyewe."

"Mwenyewe! Fundi, pua yako ni askari mvivu. Siku ya kwanza anauliza mtu jina, siku ya tatu anamwacha apite. Mimi nilikuwa hapa mchana huo, hatua tatu kutoka kwako. Ulishindwa kuniuliza?"

Hilo ndilo neno ninalokuachia, mwanangu. Paka manukato yako, sikukatazi. Mimi mwenyewe bado nina daftari lile. Lakini kitu unachoishi nacho kila siku usikipime kwa pua yako mwenyewe, kiwe manukato, hasira, au namna unavyojibu watu. Muulize aliye hatua tatu kutoka kwako, na akikujibu usinune. Na mkubwa akikutumia neno lililofungwa, usilifungue kwa kiburi. Rudi umuulize maana yake. Swali moja kwa Mwikali lingemwachia Mzee jicho lake.

Mungu akupe ngozi inayotunza, nyumba yenye amani, na mtu wa karibu asiyeogopa kukuambia unanuka.

Jambo moja limebaki. Koti la kaki halikurudi kwake. Lilikuwa limefunika mwili wa mkwe, naye, kwa nthoni, hakuliomba. Liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, halijafuliwa tangu siku ile. Mimi nikilifungua nasikia udi. Mama yako anasema ni vumbi na moshi tu. Kama udi upo, basi siku ile ulikuwa mwingi, na Mzee aliunusa akanyamaza kwa ajili ya nthoni. Kama haupo, labda ni kienge tu kilichozima. Pua zetu sote wawili zimeshalizoea. Ukija Desemba, njoo umeoga na maji peke yake, ulinuse utuambie.