Mama Chanjo na Kilima Kiitwacho Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, muuguzi ambaye wanavijiji humwita Mama Chanjo anafunga sanduku la barafu nyuma ya baiskeli. Anakaza kamba, analitikisa sanduku, anakaza tena. Mbele yake ni nyika isiyo na barabara, kwani mvua hufuta njia kila mwaka. Anatazama vilima vya mawe.

"Vibao vyangu vya barabarani hivyo," anasema akicheka.

Machoni pa mgeni, vilima hivyo vimetupwa ovyo tu. Yeye anavijua kama vyungu vya jikoni kwake. Mashariki vimepanga foleni hadi mtoni. Katikati vimesongamana. Kisha nyika tupu, na mbali kabisa kimoja kimejitenga. Kijiji cha mwisho kiko nyuma yake.

"Yule namwita Mkwe. Amekaa mbali, hataki mazoea! Akichungulia kushoto mwa vile vingine, najua niko sawa."

Mwezi uliopita, Mkwe hakuchungulia. Wapasua mawe walikuwa wamemkata kichwa kupata kokoto. Mama Chanjo akafuata kilima kingine kilichofanana naye. Alipofika kijijini jioni, barafu ilikuwa maji, chanjo zimeharibika, na akina mama wamesharudi makwao na watoto bila kuchanjwa.

"Nililia, jamani. Wametembea na watoto mgongoni, halafu mimi sipo!"

Na kiongozi wa wapasua mawe hao ni nani? Mumewe. Kokoto hizo ndizo zinazosomesha watoto wao.

"Tunalala nyumba moja, sikujua anapitaje huko porini," anasema mume, akijikuna kisogo. "Niliona aibu mno."

Mkewe hakumwambia aache kazi. Alimwomba wachimbe upande wa nyuma tu. Wenzake walinuna, maana huko mawe hubebwa mbali zaidi, lakini mume alishikilia. Kisha akapanda mwenyewe na ndoo ya chokaa, akapaka uso wote wa Mkwe uliobaki.

Ni mapenzi ya aina yake, na mwandishi huyu hakuona haya kuyaonea wivu.

Leo Mama Chanjo anarudi kijiji kile kwa mara ya kwanza. Hajui kama akina mama watakuja tena.

"Nataka wanikute nimeshafika," anasema, akipanda baiskeli. "Safari hii nisubiri mimi."

Mbali, kushoto mwa vilima vingine, doa jeupe linaonekana. Anakanyaga pedali.