Kinu Nilichokinyamazisha

Barua ile niliichapa ofisini, saa ya chai, kwa mashine ile ile niliyochapia barua za serikali. Nilianza kwa "Ndugu Balozi", kama tulivyoandikiana sote miaka ile. Nikaeleza kwamba mama mwenye nyumba wetu anatwanga kila siku alasiri, kwamba kelele za kinu chake zinawanyima wafanyakazi mapumziko baada ya kazi ya kujenga taifa, na kwamba wapangaji wote wa nyumba hiyo wanalalamika. Wapangaji wote! Tulikuwa vyumba vinne, na sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja. Mwisho wa karatasi sikuweka jina langu. Niliandika "Wapangaji", nikapiga mstari chini yake.

Nitaeleza nilifikaje hapo, ingawa najua maelezo hayanisafishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Kilimanjaro, mpiga chapa katika wizara moja. Nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na ua nyuma. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja wa pwani, mjane, aliyeishi kwa vitumbua. Asubuhi aliloweka mchele. Baada ya sala ya alasiri aliutwanga uani, akaukoroga na tui na kuuacha uumuke hadi alfajiri, ndipo akakaanga. Kufika saa mbili asubuhi beseni lake lilikuwa tupu.

Mwaka huo mchumba wangu alivunja uchumba kwa barua ya mistari sita, wakati wazee wetu walikwisha kuzungumza mahari. Sikulia sana. Nilianza tu kutetemeka mikono. Mpiga chapa akitetemeka mikono hana kazi. Ukurasa mmoja niliurudia mara nne, mkuu wangu akaniita akanipa onyo.

Ofisini kwetu alikuwapo mchora ramani mmoja Msinhala, Mbudha ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, yeye mzaliwa wa hapa hapa mjini. Aliona hali yangu akaniambia, "Dada, Jumapili ukitoka kanisani njoo hekaluni kwetu. Hakuna atakayekubadilisha dini. Unakaa tu, unatulia."

Nikaenda. Nilikatisha viwanja vya Mnazi Mmoja nikiwa bado na gauni la kanisani, nikitazama nyuma kama mwizi, nikiogopa watu wa nyumbani wasije wakaniona. Hekalu lilikuwa nyumba nyeupe yenye ua uliofagiwa vizuri. Mtawa wake alikuwa mzee wa Kisinhala aliyevaa shuka la rangi ya manjano. Kiswahili chake alijifunza kwa wauza mboga waliopita mlangoni.

"Wewe kaa," aliniambia. "Pumzi ingia, jua. Pumzi toka, jua. Akili kimbia, rudisha pole pole. Basi."

Nilipouliza nikae kwa muda gani, alisema dakika kumi zinatosha. Nikajiambia huyu mzee ananidharau. Mimi nilifaulu mtihani wa kupiga chapa nikiwa wa kwanza darasani, dakika kumi zitanifanya nini?

Nilinunua saa ya mezani. Kila siku nikitoka kazini nilifunga mlango, nikatandika kanga sakafuni, nikakaa saa nzima kuanzia saa kumi. Sikufuata pumzi, niliikamata. Nilibana meno mpaka mataya yakauma. Mbu akitua shavuni simfukuzi, miguu ikifa ganzi siikunjui, na kila wazo lililokuja nililikanyaga kama mtu anayezima moto wa nyasi. Nilitoka nimelowa jasho, kichwa kinagonga. Niliona fahari kwa maumivu yale. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe.

Jumapili moja mtawa alinitazama nilivyokaa, akanigusa bega kwa ncha ya kipepeo chake cha ukindu. "Nguvu mingi," alisema. "Legeza. Siyo lala. Legeza." Nikashusha mabega alipokuwa anatazama. Alipogeuka nikayapandisha tena.

Na saa kumi na robo kila siku kinu kilianza. Du, du, du, nyuma ya ukuta wangu. Wiki za kwanza nilivumilia. Kisha nikaanza kukisubiri. Nilikaa nimefumba macho, masikio yote yako uani, namsubiri bibi wa watu aanze ili nimchukie. Nilimchukia kweli. Ajabu ni kwamba mikono haikuacha kutetemeka, lakini kosa sikuliona kwangu. Niliamini kuwa ningekuwa nimeshafika mbali kama si kile kinu.

Ndipo nikachapa ile barua.

Balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama pale mtaani, alikuwa seremala, mtu wa haki, mwenye aibu mbele ya wazee. Alikuja jioni, watu wote wakiwa uani. Bibi alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi hizi nyingine hakuzijua, kwa hiyo balozi alilazimika kumsomea. Alisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, mpaka kwenye "wapangaji wote wanalalamika". Mke wa dereva, aliyepanga chumba cha mbele, alikuwa anafua. Aliacha kufua akanitazama. Nikatazama ndala zangu. Katika nyumba ile aliyejua kupiga chapa alikuwa mmoja tu.

"Kwa hiyo nisitwange?" Bibi aliuliza.

"Bi mkubwa, mimi nimeletewa tu," balozi alisema. "Nyumba ni yako. Tunaomba tu muelewane."

Bibi alikitazama kinu chake. Angeweza kunifukuza usiku ule ule, na hakuna mtu angemlaumu. Alisema, "Kama mtoto wa watu hapati utulivu nyumbani kwangu, mimi si mtu mzima. Nitakwenda kutwangia kwa shoga yangu, pale mtaa wa pili."

Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Nisidanganye: pamoja na aibu, nilifurahi.

Kwa wiki tatu nilipata kimya. Kila alasiri nilimsikia Bibi akipita kwenye korido na beseni lake la mchele uliolowekwa, ndala zikiburuzika, kisha mlango wa mbele, kisha hakuna kitu. Nikakaa saa nzima, nikazidisha hadi saa na robo. Jumapili nilimwambia mtawa, kwa majivuno, kwamba sasa nyumbani hakuna kelele tena.

"Kelele kwenda wapi?" aliniuliza.

Nilicheka, nikidhani ni Kiswahili chake tu.

Jumamosi iliyofuata ilinyesha mvua ya masika tangu adhuhuri. Nilikaa saa tisa na nusu. Mvua ilipiga bati, na kwa mara ya kwanza tangu nianze nilisikia utulivu mkubwa, pumzi ikiingia na kutoka kama si mimi ninayeivuta. Nilifungua macho saa kumi na moja nikiwa na machozi ya furaha. Nilijiona nimefika. Nikatoka uani nikitabasamu, natafuta mtu wa kumsalimia.

Uani palikuwa na mke wa dereva peke yake. Alikuwa anasuuza beseni la Bibi, limejaa matope.

"Bibi ameanguka," alisema. "Pale kwenye mfereji, akirudi na unga wake. Wamempeleka hospitali. Tumekugongea mlango, tulitaka mtu wa kumshika upande mmoja. Hukuitika."

Sikukumbuka kusikia mlango ukigongwa. Mpaka leo sijui kama sikusikia, au nilisikia nikaukanyaga ule mlio kama nilivyokanyaga kila kitu.

Mke wa dereva hakunigombeza. Aliendelea kusuuza. "Ule mchele alipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Wote umekwenda na maji."

Nilimkuta Bibi kwenye benchi la hospitali, mkono wa kulia umefungwa plasta toka kiganja mpaka kiwiko, kanga yake imekauka matope.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama vizuri. "Leo umekaa vyema? Maana palikuwa kimya."

Miaka yote hii nimeligeuza neno lile nisijue alilisemaje. Kama alinichoma, nilistahili. Kama aliuliza kwa moyo mweupe, ni vibaya zaidi. Nilipiga magoti pale sakafuni nikamwomba radhi kwa ajili ya barua. Alinifunika mdomo kwa mkono wake mzima, watu walikuwa wanatazama. "Inuka, utachafua gauni."

Kesho yake nilikwenda hekaluni, nikamweleza mtawa yote. Nilitarajia anifukuze, au anipe adhabu, na nadhani nilitaka adhabu. Alinisikiliza huku akinitazama mikono. Nilikuwa nimekunja ngumi mapajani, kucha zimeingia nyamani.

"Hii kukaa?" aliuliza. "Hii pigana." Akanifungua vidole kimoja kimoja, kwa ncha ya kile kipepeo cha ukindu, maana yeye hakumgusa mwanamke. "Sasa huyu mama, nani twanga?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi. Kukaa kwako iko pale."

Siku ya Jumatatu nilimwambia Bibi kwamba nitamtwangia. Alicheka. "Wewe mtu wa ndizi, utajua mchele?" Lakini hakuwa na njia nyingine, wateja wake walikuwa wanakwenda kwa mwingine. Kinu kikarudishwa uani. Saa kumi na robo, saa ile ile, nilikisimamia nikiwa na mchi, na wapangaji wenzangu wakitazama.

Nilitwanga kama nilivyokaa. Kwa nguvu zote, meno yamebanwa. Mchele uliruka nje ya kinu, nusu ukabaki mzima na nusu ukawa tope. Siku ya pili viganja vilipasuka malengelenge, nikaona vizuri, wacha viume, ndiyo malipo. Bibi alivumilia siku tatu. Siku ya nne alinyanyuka kwenye kigoda chake.

"Kwani nani kakuudhi humo ndani ya kinu?"

Mke wa dereva aliangua kicheko. Mimi nilitaka kulia.

"Mchi una uzito wake mwenyewe," Bibi alisema. "Kazi yako ni kuunyanyua tu. Ukifika juu, uache uanguke. Usiusukume. Na usiushike kama unakimbia nao. Haya." Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, akanyanyua pamoja nami, akalegeza. Mchi ukashuka peke yake, ukatua katikati. "Ukiukaza sana unachoka, na mchele unaruka. Ukiulegeza sana unakuponyoka unakuvunja kidole. Haya tena."

Sikupata siku ile wala wiki ile. Lakini ilifika alasiri moja, bila kutarajia, nikagundua kwamba nimetwanga beseni zima bila kubana meno. Nilikuwa nasikia mchi, nasikia pumzi, nasikia watoto wa jirani wakigombana, na hakuna kati ya hivyo kilichokizuia kingine. Mtawa alikuwa ameniambia jambo hili Jumapili ile, kwa neno moja, na nililidharau kwa sababu halikuuma.

Nilitwanga wiki saba, mpaka plasta ikatolewa. Mkono wa Bibi haukurudi ulivyokuwa. Kifundo kilibaki kimepinda kidogo, na asubuhi za baridi alikuwa akiukandakanda. Tuliendelea kutwanga kwa zamu. Dakika zangu kumi nilikaa baadaye, mlango ukiwa wazi. Mikono ilitulia polepole, siwezi kusema siku gani.

Ningependa kuishia hapo. Lakini baada ya mwaka mmoja na kitu idara yetu ilihamishiwa Dodoma, nami nikawa miongoni mwa waliotangulia. Bibi aliniandalia chakula cha kuniaga. Walikuja majirani, akaja balozi, akaja yule shoga yake wa mtaa wa pili na ndugu zake wengi wasionijua. Bibi alinishika mkono mbele yao.

"Huyu ni mwanangu wa bara," aliwaambia. "Nilipovunjika mkono, watoto wangu mwenyewe wako mbali, ni huyu aliyenitwangia wiki saba. Akitoka kazini, hata chakula hajala, anashika mchi. Mwenyezi Mungu amlipe."

Wageni wakaitikia amina. Wanawake wakanipongeza, mmoja akanivisha kanga mpya mabegani. Balozi alitazama sahani yake. Mke wa dereva alinitazama mimi, kama alivyonitazama siku ile ya barua, akisubiri.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno machache tu yangetosha, kwamba asingevunjika mkono kama si mimi. Sijui Bibi alinyamaza kunihifadhi, au kwake jambo lile lilikuwa limekwisha kweli. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu mwenye haya ya kusifiwa, nikasema, "Asanteni sana," nikaanza kukusanya sahani.

Kanga ile ninayo. Sijaivaa hata siku moja.