Kilo Themanini za Nondo

Tuanze na kifua chake, maana hata yeye mwenyewe alikitanguliza kila alipoingia mahali. Fundi wa kuchomelea mageti, mtaa mzima ukimwita Nondo, alikuwa na kifua cha kuegemezea ngazi na shingo iliyogombana na kila kola. Kifua hicho kilikuwa cha kweli, msije kusema nimemsingizia. Ila kilikuwa cha kweli miaka kumi iliyopita, na Nondo aliendelea kukitumia kama mtu anayetembea na kitambulisho kilichokwisha muda.

Kanisani kwao wanaume walikuwa na kikundi. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikutana uani, nyuma ya ukumbi, kujijenga mwili, akili na roho. Mwenyekiti wao alikuwa nesi wa zahanati, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, naye aliweka utaratibu: kwanza kunyanyua vyuma, halafu kila mtu aeleze jambo jipya alilojifunza wiki hiyo, kisha magoti chini, sala. Asiyejifunza kitu alizunguka ukumbi mara tano. Kuna mmoja alieleza wiki tatu mfululizo jinsi nyuki wanavyotengeneza asali, hadi mwenyekiti akamuuliza kama ana undugu nao.

Vyuma vyenyewe alivitengeneza Nondo. Alichukua ndoo na makopo matupu ya rangi, akayajaza saruji na kokoto, akapitisha bomba la chuma katikati, zege ilipokauka akachana ndoo na kuandika uzito kwa rangi nyekundu. Kilo kumi, ishirini, thelathini, zote za haki, mzani wowote ungezikubali. Kisha akajipiga kifua mbele ya wenzake:

"Na yangu mimi, themanini. Hiyo asiiguse mtu. Mtavunjika mgongo mniletee kesi na wake zenu."

Ijumaa, peke yake karakanani, akaikunjia magoti ile themanini. Ikapanda mpaka magotini. Hapo ikagoma. Akairudisha chini, akatema mate viganjani, akajaribu tena, ikagoma palepale. Mara ya tatu kiuno kikalia kama bawaba isiyo na mafuta, Nondo akakaa juu ya saruji yake mwenyewe akihema. Na neno alikuwa ameshalitoa! Mimi namwelewa sana. Kuna mwaka nilitangaza kwamba nitabeba kabati la shangazi yangu peke yangu hadi ghorofa ya pili, na nikalibeba. Wanaobisha hawakuwepo.

Basi Nondo akachukua nyundo, akaivunja ile zege, akamwaga nyingine. Safari hii katikati ya kila ndoo alishindilia mfuko wa maranda kutoka kwa seremala jirani, akazungushia saruji unene wa vidole viwili tu. Kwa nje, umbo lilelile, rangi ileile nyekundu: arobaini upande huu, arobaini upande ule. Alipoipima kwenye mzani wa vyuma chakavu, pamoja na bomba lake, ikasoma thelathini na nane. Uso ukamwaka moto ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Akaifunika gunia.

Miezi saba aliinyanyua juu ya kichwa kila Jumamosi, huku akiguna mguno ambao aliufanyia mazoezi bafuni. Wenzake walipiga makofi. Alipomaliza aliibeba mwenyewe kuirudisha stoo, eti hataki watu waumie. Na wakati wa sala alipiga magoti na wenzake akaomba nguvu mpya, ila ilipofika zamu ya kuungama, kila mtu kimoyomoyo, Nondo alihesabu mageti aliyokuwa bado hajayapaka rangi.

Sasa, katika kikundi hicho alikuwamo shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi viatu. Watu walimwita Gundi, kwa harufu ya kazi yake. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kukohoa na kufunikwa shuka. Dada yake, Mama Pacha, mke wa Nondo, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka shule siku ambazo pumzi ilimkataa. Na ni yeye aliyemsukuma ajiunge na wanaume. Gundi alianza na ile ya kilo kumi, akiishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Lakini hakukosa hata Jumamosi moja. Baada ya miezi sita mikono yake ilikuwa imeanza kujaa shati.

Jumamosi moja Nondo alichelewa, alikuwa akifunga geti la mteja. Alipokaribia uani akasikia vigelegele vya kiume, vile vibaya visivyo na mpangilio. Akaongeza mwendo. Akamkuta Gundi amesimama katikati, jasho linamtiririka, na miguuni pake imelala ile themanini.

"Shemeji! Shemeji, umekosa!" Gundi akamrukia. "Nimeinyanyua! Mpaka juu!"

"Umenyanyua nini?"

"Themanini yako! Nimefunga tangu jana, shemeji. Nikasema, Bwana, leo nijue kama unanisikia. Nikaishika. Ikaja!"

"Nondo, kwisha habari yako," mwenyekiti akacheka. "Kwani nyumbani kwenu Mama Pacha anawapikia misumari?"

Nondo akafungua mdomo. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yake, pana kama geti la lori. Angesema neno moja tu. Lakini aliwatazama wale wanaume kumi na wanne waliokuwa wakimtazama, akalimeza.

"Hongera," akasema. Kisha akainama haraka, akaiokota ile zege kabla mwingine hajapata wazo la kujaribu. "Hii naona ina ufa. Naipeleka karakana."

Kesho yake, ibadani, Gundi alisimama kutoa ushuhuda. Mtu ambaye zamani hakuweza kusoma tangazo bila kukohoa alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. Alisema Mungu hakumpa kifua, akampa nguvu badala yake. Alisema mtu yeyote anayeona maombi yake yamechelewa, asichoke. Mama Pacha alilia mpaka kitambaa kikalowa, akachukua leso ya mumewe mfukoni, akailowesha nayo. Kanisa zima likasema amina.

Na Nondo akasema amina. Ilimtoka kama kipande cha chakula kilichokwama kooni.

Huenda yangeishia hapo, Nondo akaishi na mfupa wake kooni. Lakini mwenyekiti alikuwa amewaalika wanaume wa kanisa la upande wa pili wa mji, waje washindane, waombe na kula pamoja. Wageni wangekuja na vyuma vyao vya kiwandani, vile vyenye uzito uliochongwa kwenye chuma chenyewe. Kila upande utoe mtu mmoja, kilo themanini, mbele ya wake na watoto.

"Sisi tunaye Gundi," mwenyekiti akatangaza. "Au Nondo, unataka mwenyewe?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Angesema ndiyo, angeshindwa yeye, mwingine asiumie.

"Kiuno," Nondo akasema, akajishika upande ambao hata haukuwa unauma.

Wiki mbili zilizobaki hakulala vizuri, na mchana alichoma bawaba juu chini. Akajaribu njia za panya. Alimwendea Gundi kibandani: "Shemeji, hivi vyuma vya wenzetu ni virefu, havina mshiko mzuri. Mwachie mwingine." Gundi akacheka, sindano mdomoni. "Shemeji, kumbe hata wewe huogopa?" Akamgeukia mkewe jioni, wakati Mama Pacha akipanga sahani.

"Mwambie mdogo wako aache lile shindano."

"Kwa nini?"

"Kifua chake kile."

"Kifua chake kimenyanyua themanini." Akaweka sahani chini, akamtazama. "Baba Pacha, niambie ukweli. Unamwonea wivu mdogo wangu?"

Nondo akapima. Mwenye wivu, mwongo. Mwongo, mwenye wivu.

"Kidogo," akajibu.

"Aibu yako," mkewe akasema, lakini kwa upole, akampigapiga begani, na ule upole ulimchoma kuliko cheche zote za karakana.

Siku ikafika. Uani pamewekwa mabenchi, watoto wamekaa mbele, wageni wamevaa fulana za rangi moja. Wa kwanza alikuwa mtu wao, mwashi mmoja mwenye mapaja kama nguzo. Akanyanyua. Mishipa ilimsimama shingoni, mikono ikatetemeka, lakini chuma kikafika juu. Makofi.

Akaingia Gundi. Alifunga macho, midomo ikacheza, akainama.

Chuma kikaacha ardhi. Kikafika magotini. Kikagoma palepale, Nondo alipajua vizuri mahali pale. Gundi akakiachia, akafuta viganja kwenye suruali, akatazama huku na huku kwa tabasamu la kuomba radhi. Akainama tena. Kikapanda kidogo, kikarudi.

Nondo alikuwa akimtazama usoni. Alitegemea kuona maumivu. Aliona kitu kingine: yule mtu alikuwa akijikagua. Alikuwa akijiuliza amekosa nini tangu siku ile, ametenda dhambi gani, mpaka Mungu akamnyang'anya alichompa. Midomo yake ilisema wazi, bila sauti: "Bwana, nisamehe." Kisha akainama mara ya tatu, safari hii mgongo umepinda, kama mtu aliyeamua kufa nacho.

"Achia!" Nondo alisikia sauti, kumbe ni yake. "Shemeji, achia!"

Alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, hajui miguu ilimfikishaje. Akaweka mkono juu ya chuma.

"Siyo wewe. Hujakosa kitu. Ni mimi. Ile yangu haikuwa themanini."

"Haikuwa vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Ndani ina maranda."

"Maranda gani?"

"Ya mbao! Ya seremala! Saruji ni ngozi tu, ndani ni maranda. Miezi saba nimewadanganya."

Kisha yule mwashi akapasuka kicheko, na wengine wakapasuka naye, wageni kwa wenyeji, watoto wakirukaruka wakiimba "ma-ra-nda, ma-ra-nda". Nondo alisimama, mikono ikining'inia. Kicheko angekivumilia, alistahili zaidi ya hicho. Kilichommaliza ni mtu mmoja kwenye benchi la tatu ambaye hakucheka. Mama Pacha alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kwa hiyo," Gundi akauliza taratibu, "mimi nilinyanyua ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Thelathini na nane," Gundi akarudia. Akavaa shati lake, vifungo vikaenda mrama, akatoka. Dada yake akainuka akamfuata, akapita mbele ya mumewe kama anavyopita mbele ya nguzo.

Nyumbani, kuanzia siku hiyo, hakuitwa tena Baba Pacha. Mkewe alimwita Nondo, kama wateja. "Nondo, chakula." "Nondo, mlango." Jina alilolipenda miaka yote likageuka kofi la kila saa.

Jumatano akajikaza, akaenda kibandani. Gundi alikuwa akipiga soli, hakuinua kichwa.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Kuna mama alikuja hapa wiki ile," Gundi akasema, akiendelea kupiga. "Mtoto wake mgonjwa. Akaniambia ushuhuda wangu umemrudisha kuomba. Leo akipita hapa nimwambie nini?"

Nondo alitazama viatu vya watu vilivyopangwa ukutani, vyote vimemwelekezea vidole.

"Nitasema mimi," akajibu mwishowe. "Jumapili, palepale ulipoutolea."

"Na usiseme ulikuwa unatania."

"Sitasema."

"Useme ulidanganya."

Akasema. Jumapili ile alisimama mbele, kifua kikubwa kile kimebonyea, akasema sentensi nne tu. Kwamba alidanganya. Kwamba shemeji yake hakudanganya. Kwamba mtu aliyeanza na kilo kumi akafika thelathini na nane, kwa kifua kile, amefika kwa nguvu alizoziomba. Na kwamba yeye mwenyewe hajui ananyanyua ngapi, kwa sababu kwa miezi saba hajajipima. Hakuna aliyesema amina. Yule mama mwenye mtoto mgonjwa alikuwa kiti cha nyuma, na Nondo alimwendea nje akamrudia maneno yaleyale, akiangalia ardhi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi bado naomba," akasema, akaondoka.

Jumamosi akaenda uani akiwa amejiandaa kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsogelea. Wanaume walikuwa wakizungumza wakiwa wamempa mgongo. Gundi peke yake ndiye aliyetoka kundini, akabeba ile ya kilo ishirini, akaitua mbele yake.

"Mbele ya wote hawa?" Nondo akanong'ona.

"Ulitaka wapi?"

Akainama, akainyanyua juu ya kichwa, akaishusha. Masikio yalimwaka moto. Gundi alisimama karibu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Moja," Nondo akasema.

"Hukunyoosha kiwiko," Gundi akasema. "Hiyo haihesabiwi. Rudia."

Nondo akarudia, akanyoosha mpaka kiwiko kikalia.

"Haya," Gundi akasema. "Moja."