Nilimnyamazisha Mke Wangu, Fundi Akabeba Mabati

Nimekosa, wapendwa, na kosa lenyewe nililifanya nikiwa nimefumba macho katika maombi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Bunia, nimezoea kusikiliza makosa ya wengine. Leo sikilizeni langu.

Paa la nyumba yetu, mtaa wa Rwambuzi, lilianza kuvuja juu ya kitanda. Watoto wetu, Mungu awabariki, wakatununulia mabati mapya. Yale ya zamani hayakuwa mabovu yote. Mengi yalikuwa mazito, ya aina ambayo siku hizi haipatikani. Hayo nilimwahidi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ni mjane aliyekimbia vita Djugu, analala na wajukuu kambini chini ya turubai lililotoboka. Aliposikia hakungoja. Alitafuta miti, akasimamisha kijumba, likabaki paa tu.

Fundi nilimchagua kanisani. Mimi ndiye niliyemfundisha Neno kabla ya ubatizo, nami nilisimamia ndoa yake. Ningemtafuta nani mwingine?

Ukibadilisha paa huku, vitu vyote vinatoka nje, vumbi la miaka linawashukia, misumari inajaa uani hadi mnaogopa kuvua viatu, na usiku mnaomba mvua ipite mbali. Hayo nilijiandaa nayo. Tena kila mtu anajua kwamba mabati yanayoshushwa huwa ya fundi, isipokuwa mwenye nyumba aseme mapema, mbele ya jirani, yanakwenda wapi. Hilo pia nililijua.

Asubuhi ya kazi mke wangu alitoka pamoja na jirani yetu.

"Papa fundi, mbele ya kupanda, sikia. Jirani huyu asikie pia. Ile mabati ya zamani..."

"Mama, nyamaza," nikamkata. "Huyu ni ndugu yetu katika Bwana. Unamwitia shahidi kama mwizi?"

Fundi akacheka. "Acha tu, Papa. Mama alizaliwa kuwa polisi, polisi ndio walimukosa."

Jirani akaona aibu, akarudi kwake. Mke wangu akaingia ndani kuhamisha masufuria. Nami nikajiona nimetenda kiroho. Tuliposhikana mikono kufungua kazi kwa maombi, nilimwomba Bwana abariki mabati ya zamani yatakayomfunika dada yetu mjane. Fundi akaitika amina kwa sauti kuliko wote. Kwangu hilo lilikuwa patano.

Kazi aliifanya vizuri, sitamsingizia. Mbao zilizooza alizibadilisha, mabati mapya yakanyooka. Siku ya mwisho tulikwenda mazishini. Tuliporudi, nyumba ilikuwa inang'aa na ua umefagiwa. Mabati ya zamani hayakuwepo.

Nilimkuta kwake, mtaa wa Lumumba, amekwisha kuyapiga juu ya vyumba anavyopangisha. Niliyatambua kwa masizi ya jiko letu. Hakujificha. Alinipa kiti.

"Mwanangu, si uliitika amina?"

"Nilimuitikia Mungu, Papa. Weye haukuniambia kitu. Mama alianza kusema, ni weye ulimunyamazisha. Uliza mafundi wote."

Niliinuka. Kabla sijatoka aliniomba nimwombee mtoto wake aliyekuwa na homa. Niliomba, lakini moyo wangu haukuwa pale, na hilo nalo ni deni langu mbele za Mungu.

Ningeweza kumshtaki kwa wazee wenzangu. Lakini jirani angeulizwa alisikia nini, naye angesema kweli: alisikia mimi nikimfunga mke wangu kinywa.

Kumbe yaliyobaki yalikuwa machungu zaidi. Shemeji alipokuja kuuliza, mke wangu aliniokoa. Akamwambia, "Yalikuwa yameoza yote, mudogo yangu." Yule mama akanishika mikono miwili.

"Aksanti, shemeji. Hata hivyo ulitufikiria."

Nikaipokea ile shukrani! Mimi, ninayewafundisha watu kusema kweli. Miti yake bado imesimama bila kitu juu, mvua inamnyeshea, naye ananiombea baraka.

Namshukuru Mungu kwamba hajanichoka. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kambini nimweleze shemeji mwenyewe, hata akininyima mkono. Na ninyi mnaotaka kubadilisha paa, undugu wa kanisani usiwafanye mwone haya kusema lenu mbele ya shahidi, kabla msumari wa kwanza haujang'olewa. Ombeni, ndiyo, lakini semeni pia. Na mkeo akifungua kinywa, mwache amalize.

Wangu siku hizi nikimuuliza jambo lolote la nyumba, ananijibu kwa upole, "Unajua weye," kisha anaendelea na kazi yake.