Mama Mkwe Kaigeuza Picha Yangu

Jamani, leo nimedhalilishwa nyumbani kwangu mwenyewe!

Nina picha ya bibi wa Bombei mwenye kipini puani, imechorwa juu ya ubao. Niliinunua nilipokuwa baharia, mimi niliyeziona bandari nusu ya dunia!

Leo mama mkwe kaja, adhuhuri ikamkuta sebuleni. Kaigeuza picha, ikatazama ukuta.

Sawa, mtu hasali mbele ya sura. Lakini kamaliza kusali, hairudishi!

"Iache hivyo, baba. Upande huu ndio mzuri. Huyaoni mawimbi ya mti?"

Mke wangu naye: "Kweli, mama."

Yaani bibi yule kashindwa na mgongo wa ubao!

Niamulieni, wenzangu. Lakini fanyeni haraka, maana na mimi nimeanza kuyaona mawimbi.