Besi Napiga Mimi, Anayeonekana Ni Mchumba Wangu

Admin, naomba unifichie jina, maana Ifakara ni ndogo na kwaya yetu inajulikana. Wapendwa, nina miaka ishirini na saba, nimesoma mpaka chuo kikuu, naingiza takwimu kwenye ofisi moja hapa mjini na ninaishi na mama yangu mtaa wa Katindiuka. Naandika kwa sababu nimechoka, na kila ninayemweleza ananijibu kwamba hili ni jambo dogo.

Napiga gitaa la besi. Alinifundisha mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyepiga bendi za dansi ujanani. Alipoona nimemaliza alichonacho akaniambia, "Mwanangu, sasa nenda kwa Wamarekani weusi wa zamani, wale wa muziki wa fanki. Kule besi haimfuati mtu." Nikawatafuta kwenye simu. Miaka minne nimewasikiliza wapiga besi wale wanaougonga uzi kwa dole gumba na kuuvuta kwa kidole cha shahada, mpaka gitaa linakuwa ngoma na wimbo kwa pamoja. Nimesoma na maisha yao. Wako waliojulikana dunia nzima, na wako waliopiga kwenye nyimbo ambazo watu wanazicheza mpaka leo, lakini majalada ya santuri hayakuwataja. Nilikuwa nawaonea huruma hao wa pili. Sikujua kwamba nasoma habari zangu mwenyewe.

Mwaka jana kwaya ilirekodi albamu. Studio nilipiga mimi, nyimbo zote, kwa mtindo huo wa fanki. Video tukaenda kupigia Mchombe, kwenye mashamba ya mpunga. Aliyewahi kuwa kwaya anajua kwamba sauti huwa imesharekodiwa, na vyombo mnavyoviona kwenye video havijaunganishwa popote. Mwenyekiti wa kwaya akapanga watu. "Akina dada mtakaa mbele na sare zenu, mcheze. Vyombo watashika akina kaka, ndivyo video inavyopendeza." Gitaa langu akapewa Deo, ingawa hilo si jina lake halisi. Ni mchumba wangu, anaimba sauti ya tatu, na kazi yake ni kukoboa mpunga mashineni. Hakuna aliyenilazimisha. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa naye wiki nzima kumwonyesha vidole viende wapi, asije akatuaibisha. Akashika vizuri. Ukimtazama huwezi kusema hapigi.

Video ikasambaa. Parokiani wanajua mpigaji ni nani, wakachukulia kuwa ni utani tu. Lakini watu wa mbali hawajui. Mama mmoja wa Mlimba alinishika mkono sokoni, akaniambia, "Kumbe ndiye mchumba wako yule wa gitaa? Mshikilie mwanangu, vidole vile haviokotwi." Nikamwambia asante mama.

Halafu Deo akapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Kuna mwimbaji wa injili anatafuta mpiga besi wa kudumu, wa kurekodi naye na kuzunguka naye mikoani.

"Akaniuliza kama mimi ndiye ninayepiga kwenye ule wimbo," Deo akanisimulia. "Nikajikuta nimesema ndiyo."

"Basi mpigie, mwambie ni mimi."

Akacheka kidogo. "Mama watoto, uende ukalale mahotelini na wanaume saba wa bendi, mimi nibaki hapa na pumba kichwani? Watu watanionaje? Nifundishe tu. Tukishaoana, changu si chako?"

Nikaanza kumfundisha. Kila siku nikitoka kazini nafikia kwenye gitaa, sijanywa hata maji. Dole lake zito, kama la mtu anayegonga muhuri. Mwezi mzima umekwisha na anajua nusu ya wimbo mmoja, polepole. Nilipomuuliza akifika huko atafanyaje, alijibu, "Mungu atafungua njia. Na wewe utanielekeza kwa simu." Hakuwa anatania.

Sasa yule mtu wa Dar anataka video fupi, besi peke yake, mikono ikionekana kwa karibu. Alhamisi Deo alikuja na shati lake la mikono mirefu, amelipiga pasi. "Livae hili, kamera iangalie mikono tu." Nikavua pete yake ya uchumba, nikavaa shati, nikapiga. Sijawahi kupiga vile tangu nizaliwe. Niliposikiliza baadaye sikufurahi wala sikulia, nilisikia usingizi.

Video hiyo iko kwenye simu yangu, sijaituma bado. Namba ya yule mtu ninayo, niliichukua kwenye simu ya Deo. Jana nikajaribu kurekodi nyingine, nikiwa na blauzi yangu na uso wangu, nikakosea mara tatu. Mama aliyekuwa anachambua mchele alinitazama akasema, "Kwani ukimwachia mwenzio hilo gitaa unapungukiwa nini? Baba yako mimi nilimwachia mangapi." Nikamuuliza ni yapi. Akaendelea kuchambua mchele.

Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani mara moja, Jumapili hii inatangazwa mara ya pili, na Jumapili hiyohiyo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma video. Nikituma ile ya shati, nitaolewa na mtu anayekula kwa mikono yangu na kuogopa kila anayenijua. Nikituma yenye uso wangu, Deo ataaibika kwa uongo wake mbele ya kwaya nzima, na sidhani kama atarudi kwetu. Nampenda. Hilo nalo mlipime mnaponijibu. Msiniambie niombe, nimeomba sana. Niambieni kitu kimoja tu, nyinyi msionijua: nitume video ipi?