Siku Nilipojifanya Mzimu Maneromango

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni, ila chekeni taratibu, maana jambo hili hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimeufunika uso kwa viganja. Mnanijua mimi mtu wa maneno mengi, Mnyamwezi wa Tabora, na siku hiyo maneno ndiyo yaliyoniponza.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana, nafundisha shule ya msingi Kibaha, suruali ya bugaluu inafagia vumbi (nilijiona wa maana sana, msiniulize zaidi), na moyo wangu wote ulikuwa kwa mwalimu mwenzangu, Rehema, binti wa Kizaramo kutoka Maneromango. Posa nilikwisha kuipeleka, kwao wakaipokea, na jibu lilikuwa litolewe mwisho wa juma moja ambao, kwa bahati nzuri kama nilivyodhani, kijiji chao kilikuwa kinafungua ghala jipya na shule yetu ilialikwa kutumbuiza.

Sasa niwaelezeni mchezo wangu, maana bila huo hamtaelewa. Wakati wa masika, shamba la shule limejaa maji na watoto wamekwama darasani, nilikuwa nimewatungia mchezo wa safari ya kubuni. Mmoja anakuwa mwindaji, mwingine mpiga ngoma, mwingine muuguzi, mimi ndiye msimuliaji: nawaambia, “Mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje?” nao wanajibu watakachofanya, halafu dadu ya ludo inaamua kama wamefaulu au wamezama. Maadui walikuwa majoka na majitu ya kichwani mwangu tu. Watoto waliupenda mpaka wakawa wanaombea mvua isikatike.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyotukalisha mimi na Rehema barazani siku moja, tunasubiri inyamaze, akaanza kunisimulia habari za mama yake aliyefariki yeye akiwa mdogo. Bibi yake (mama mzaa mama, mwanakwaya wa kanisani, Jumapili hakosi) kila mwaka alikuwa akimpeleka kaburini na kitambaa cheupe, unga na maji, na kumfundisha kusema: “Mama, tumekuja. Unga huu, maji haya. Usitusahau, nasi hatukusahau.” Nikacheka kidogo, nikamuuliza mchungaji anasemaje. Rehema hakucheka. Akasema, “Nakwambia wewe kwa sababu utakuwa wa nyumbani.”

Mngenyamaza nyinyi, sivyo? Na mimi nilinyamaza, lakini mpaka Maneromango tu.

Basi siku ikafika, tukapanda lori, njia yote matope, tunashuka na kusukuma, tunapanda tunaimba, na kufika kule mwenyekiti wa kijiji ananiambia kikundi cha ngoma kimekwama njiani, kwa hiyo sisi tutajaza nafasi yote. Ngonjera zetu zilikwisha mapema. Watu wamekaa, wazee mbele, wakwe zangu watarajiwa mstari wa kwanza na Bibi katikati yao, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kipaji, nikawaambia watoto tutacheza mchezo wa safari hadharani. Majitu yangu ya Kibaha nikayaona hayatoshi, nikaamua adui awe mzimu, na mzimu niwe mimi mwenyewe.

Mtasema sikuogopa? Sikuogopa, kwa sababu ya utani. Sisi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu wakishuka pwani na mizigo, na mtani, mnajua wenyewe, anaweza kuingia msibani kwako, akavaa kanzu ya marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, na wafiwa wakamtazama tu. Nikasema moyoni, kama msiba wanautania, mzimu ni nini?

Nikaingia jikoni walikokuwa wanapika, nikaomba unga wa muhogo, nikajipaka uso na mikono, nikajifunga shuka nyeupe, nikatokea nyuma ya ghala natambaa. Watu wakaangua kicheko! Mwindaji akarusha dadu, akanikosa, kicheko. Mpiga ngoma akarusha, akanikosa, kicheko zaidi. Lakini mzimu lazima useme kitu, nami nilikuwa sijapanga cha kusema, jasho limeanza kuuyeyusha unga unaniingia machoni, na mdomo wangu huu, mdomo huu huu ninaolia nao ugali, ukafunguka wenyewe kwa sauti ya kutetemeka: “Unga huuu! Maji hayaaa! Usitusahauuu, nasi hatukusahauuu!”

Vijana wa nyuma wakacheka, nami nikadhani ndiyo nimepatia, nikarudia, safari hii na kukata viuno.

Kumbe mstari wa mbele umekwisha kunyamaza. Bibi akasimama polepole, mkono kwenye goti. Hakuniuliza kwa ukali, ndilo linaloniuma.

“Mtani,” akasema, “maneno hayo kakupa nani?”

Sikuhitaji kujibu, maana macho ya ukoo mzima yalikwisha kugeuka na kutua kwa Rehema, aliyekuwa amekaa na walimu wenzetu. Shangazi yake akasema, kila mtu akasikia, “Kumbe mambo ya mamako unayapeleka Kibaha yakachezewe ngoma.” Rehema akajifunika kanga mdomoni, akainuka, akaondoka.

Nikamkimbilia. Na unga wangu, na shuka yangu, nikakanyaga pindo na kutumbukia kifudifudi kwenye sufuria kubwa la togwa ya wageni, nikainuka nikichuruzika, unga na togwa vimeshikana mpaka kwenye nyusi, na jamaa mmoja akapiga kelele, “Mtani kajipika uji mwenyewe!” Hapo sasa walicheka wote, hata mwenyekiti, hata watoto wangu mwenyewe niliowafundisha kusoma. Mimi nimesimama katikati ya uwanja, sioni vizuri, namtafuta Rehema, simwoni.

Wazee waliniita jioni ileile. Niliwaamkia shikamoo na uso wangu wa uji, wakaitikia marahaba huku wanabana vicheko. Wakanitoza kuku. Nikaomba radhi kwa wote, na kwa Bibi nikapiga magoti, naye akanigusa bega akasema, “Mtani hanuniwi, baba. Kaoge.” Mnaona? Nilisamehewa! Kuku niliwapelekea, akaliwa, wakaniambia yamekwisha. Nikarudi Kibaha moyo mwepesi, najiambia ukwe huu nimeuokoa chupuchupu.

Jumatatu nikamkuta Rehema chumba cha walimu, anasahihisha madaftari. Nikamwambia wazee wamenisamehe, Bibi mwenyewe kanisamehe. Aliendelea kusahihisha mpaka akamaliza daftari alilokuwa nalo.

“Watani wako wamekusamehe,” akasema. “Mimi sikuwa mtani wako, Mathias. Nilikuwa mchumba wako.”

Posa ikarudishwa kwa adabu zote, na kabla mwaka haujaisha Rehema akaomba uhamisho kwenda kufundisha Kisarawe. Nililia, sitawaficha. Nilimtumia watu, nilimfuata mwenyewe, akanipokea kwa heshima, akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza hadi njiani, na ndivyo ilivyoishia.

Mchezo wa safari sikuuacha, watoto wasingekubali. Ila tangu siku ile kila mtoto aliyeniletea mzimu wa kwao au jini la kwao aliingize mchezoni, nilimuuliza kwanza, “Nyumbani kwenu nani humwita huyu?” Akinijibu ni bibi, au mama, tunamwachia mwenyewe wake, tunaketi na kutunga jitu letu wenyewe, lenye pembe tatu na miguu ya kuku, ambalo hakuna anayelililia. Na mzimu mimi sitajifanya tena, hata mnilipe, hata iwe utani wa watani wote wa nchi hii.

Maana utani ungenivumilia lolote nililowafanyia Wazaramo. Lakini yale maneno hayakuwa ya Wazaramo. Yalikuwa ya Rehema na mama yake, na mimi nilipewa kwa sababu nilikuwa nakaribia kuwa wa nyumbani.